Familia ya watu tisa Dar es Salaam: namna ya kupata malazi ya bei nafuu msimu wa sikukuu

Watu wawili wakishuka Dar es Salaam bila kuweka nafasi popote, hawatakosa pa kulala. Mji una hoteli, loji na gesti kila mtaa. Lakini familia ya watu tisa ikishuka hivyo tarehe 30 Desemba saa tatu usiku, watoto wamelegea kwa safari na bibi anatafuta pa kukaa, italipa bei yoyote itakayotajwa mapokezi. Mwongozo huu nimewaandikia wazazi wa namna hiyo: wenye watoto wengi, wanaokuja na mama mkwe, na juu yake yupo binti wa shangazi ambaye naye hajawahi kuiona bahari.

Familia kubwa ikiuliza bei ya chumba peke yake, inajidanganya. Mnacholipia ni siku nzima: kitanda, chai ya asubuhi, nauli za mjini na chakula cha jioni. Mara nyingi chumba cha bei ya chini ndicho kinachomaliza pesa nyingi kuliko vyote.

Hatua ya kwanza: pangeni nani atalala na nani

Kabla ya kushika simu, chukua karatasi uandike majina na umri. Tuchukue mfano: baba, mama, bibi, kijana wa miaka 17, wasichana wa miaka 14 na 11, mvulana wa miaka 7, mtoto wa miaka 3, na binti wa shangazi mwenye miaka 20. Watu tisa.

Ukigawa kwa haraka utasema vyumba viwili vyenye vitanda viwili viwili vinatosha, maana wengine ni watoto. Kwa maadili yetu haiwi hivyo. Kijana wa miaka 17 halali chumba kimoja na wazazi wake, wala bibi hapangwi na mjukuu wa kiume aliyebalehe. Kwa hiyo mgawo wa kweli unakuwa hivi: baba na mama na yule wa miaka 3 kwenye kitanda cha futi sita kwa sita, bibi, binti wa shangazi na wasichana wawili kwenye chumba chenye vitanda viwili vya futi tano kwa sita, na wavulana wawili kwenye chumba kidogo chenye kitanda kimoja, hata kama kina feni tu. Ni vyumba vitatu, lakini vya bei tatu tofauti. Anayeomba "vyumba vitatu" bila kufafanua atapewa vitatu vya bei ya juu, na wale wavulana watalala kwenye chumba cha watu wazima wawili chenye AC na runinga ukutani, bila sababu.

Ulizia pia vyumba vinavyofunguana kwa mlango wa ndani. Havipo kila mahali, lakini hoteli za zamani za mjini Posta na Upanga zinavyo baadhi, na kwa mzazi mwenye mtoto anayeamka usiku ni msaada mkubwa.

Hatua ya pili: angalia mji unajaa lini na wapi

Hapa ndipo penye nafuu kubwa, na watu wengi hawapaangalii.

Watu husema mwisho wa mwaka Dar inajaa. Ukweli ni kwamba sehemu moja hujaa na sehemu nyingine hukauka. Kuanzia katikati ya Desemba maelfu ya wakazi wa Dar wanaondoka kwenda kwao: Kilimanjaro, Mbeya, Kagera, Iringa. Mabasi ya kutoka Dar ndiyo yanayogombewa. Wewe unayetoka Moshi au Mwanza tarehe 22 Desemba kuja Dar unakwenda kinyume na mkondo, na ukirudi siku za mwanzo za Januari, wakati wao wanarejea kazini, unakwenda kinyume tena. Kiti utapata.

Hoteli nazo hufuata mkondo huohuo. Zile za katikati ya mji zinazoishi kwa watumishi wa serikali, wafanyabiashara na watu wa semina hubaki na vyumba vitupu kuanzia siku mbili tatu kabla ya Krismasi hadi baada ya mwaka mpya. Ofisi zimefungwa, warsha hakuna. Meneja wa hoteli ya Posta tarehe 26 Desemba anatamani kupigiwa simu na familia yenye kuchukua vyumba vitatu kwa mpigo. Mwenzake wa Kigamboni, Kunduchi au Mbezi Beach siku hiyohiyo hana muda hata wa kujibu ujumbe, kwa sababu wakazi waliobaki mjini wote wamekimbilia ufukweni.

Kariakoo ina kalenda yake. Wiki za mwanzo wa Desemba na kumi la mwisho la Ramadhani loji zake hujaa wachuuzi wa mikoani na wa nchi jirani, Zambia na Kongo wakiwemo, waliokuja kufunga mzigo. Sikukuu yenyewe ikifika wameshaondoka, na bei inalegea. Kumbuka tu kwamba Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwa kalenda ya kawaida, kwa hiyo usipange kwa kukariri mwaka jana.

Likizo ya katikati ya mwaka ina mtego mmoja: Sabasaba. Maonesho ya Kimataifa ya Biashara huanza tarehe 28 Juni na kuendelea hadi karibu katikati ya Julai kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Kurasini, Temeke na Mtoni vyumba vizuri huwa vimeshachukuliwa na waonyeshaji. Kama hamji kwa ajili ya maonesho, kaeni upande mwingine wa mji au mje mapema Juni.

Hatua ya tatu: chagua eneo kwa nauli, si kwa jina

Familia ya watu tisa haiingii kwenye teksi moja. Hilo pekee linabadilisha kila kitu. Gari dogo la kuita kwa simu, kama Bolt, linachukua abiria wanne, kwa hiyo kila mkitoka mnaita magari matatu, au mnakodi Hiace. Mkilala mbali na mnakotaka kwenda, akiba ya chumba inaishia barabarani.

Ukitaka kuzunguka mjini, watoto waone Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, bandari, kivuko na soko la samaki la Feri, basi lala Posta, Kisutu, Upanga au Kariakoo. Sehemu nyingi mtakwenda kwa miguu, na za mbali kwa daladala au mwendokasi. Anayekuja kwa treni ya SGR, inayofika hadi Dodoma tangu katikati ya 2024, anashukia katikati ya mji na hana haja ya nauli kubwa kufika kwenye mitaa hiyo. Anayekuja kwa basi anashukia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta. Mkifika usiku sana, ni busara kulala usiku mmoja hukohuko Mbezi au Kimara kwenye loji ya kawaida, asubuhi muingie mjini taratibu mchana kweupe.

Magomeni na Ilala ni maeneo ninayoyapenda kwa familia. Bei ni ya watu wa kawaida, chakula kipo nje ya mlango, na mji uko karibu. Sinza na Mwenge zina gesti nyingi na za bei ndogo, ila chunguza kabla ya kulipa. Nyingi zimeungana na baa na muziki unapigwa hadi alfajiri, na nyingine zinakodisha vyumba kwa saa, zile za shoti taimu. Si mahali pa kumlaza mtoto wa miaka 11. Njia rahisi ya kujua ni kuuliza kwa simu, "Mna bei ya saa?" Wakisema ipo, shukuru na uage.

Ufukweni ni kuzuri, sikatai. Lakini kwa pesa ndogo ni afadhali mlale mjini, mkodi Hiace siku moja mwende Kigamboni kupitia Daraja la Nyerere au kwa kivuko, mwogelee mchana kutwa, jioni mrudi. Watoto wanaikumbuka bahari waliyoogelea, hawakumbuki walilala umbali gani nayo.

Usisahau nyumba za wageni za makanisa na jumuiya. Luther House ipo Sokoine Drive, karibu na kanisa la Azania Front. YMCA na YWCA zipo mjini, Kituo cha Msimbazi kipo Ilala, na Kurasini kuna kituo cha Baraza la Maaskofu Katoliki. Vyumba ni vya kawaida, safi, hakuna baa, geti linafungwa usiku, na hawamuulizi mtu dini yake. Familia za Kiislamu hulala huko bila tatizo. Ubaya wake ni mmoja: kukiwa na semina au mkutano wa dayosisi, vyumba vyote vinachukuliwa kwa siku moja. Piga simu mwezi mmoja kabla, au zaidi.

Hatua ya nne: piga hesabu ya siku nzima

Nitatumia tarakimu za mfano. Weka zako utakazotajiwa.

Hoteli ya vyumba vitatu kwa wastani wa sh 50,000 kila kimoja: sh 150,000. Chai imo, lakini ya watu wawili kila chumba, yaani watu sita. Watatu waliobaki wanalipa sh 8,000 kila mmoja: sh 24,000. Mchana na usiku mnakula nje. Kwa sh 6,000 kila sahani ni sh 54,000 kwa mlo, sh 108,000 kwa milo miwili. Jumla sh 282,000 kwa siku.

Apatimenti ya vyumba vitatu yenye jiko: sh 180,000. Chai mnapika wenyewe, sh 15,000. Mchana mko matembezini, mnakula nje kwa sh 54,000. Usiku mnapika wali na samaki wa Feri, sh 30,000. Ongeza umeme sh 10,000. Jumla sh 289,000.

Umeona? Wengi huambiana kwamba nyumba yenye jiko lazima iwe nafuu. Kwa siku mbili tatu si kweli, na juu ya hapo mama naye yuko likizo. Kumrudisha jikoni Dar es Salaam ni jambo la kumuuliza kwanza, si la kumpangia. Nyumba inaanza kulipa mkikaa wiki, kwa sababu wenye nyumba hushusha bei kwa anayekaa siku nyingi. Ile ya sh 180,000 ikishuka hadi sh 150,000, siku yenu inakuwa sh 259,000, na mnabaki na sebule ambapo bibi anaweza kukaa na watoto mchana wa joto.

Ukielekea kwenye nyumba, uliza mambo matatu yanayosahaulika. LUKU ni ya nani? Kuna wenye nyumba wanaoacha uniti chache, mkiwasha AC mbili usiku kucha mnaamkia giza. Mtungi wa gesi una gesi? Na maji: je, kuna simtanki, au yakikatika mnabaki na ndoo? Watu tisa wakioga mara mbili kwa siku, tanki dogo haliwezi.

Suala la AC na feni lipimwe kwa msimu. Desemba hadi Februari ni miezi ya joto kali Dar, na mtoto mdogo na mzee wanateseka usiku. Chumba cha wazazi na cha bibi vitafutie AC. Juni na Julai feni inatosha kabisa, na hapo unaokoa pesa bila kumuumiza mtu. Chandarua ni lazima misimu yote.

Hatua ya tano: tafuta mtandaoni, kisha piga simu

Tovuti kama Booking.com ni nzuri kwa kuona picha, eneo na maoni ya waliolala. Ukiandika watu tisa, hata hivyo, itakuletea majumba makubwa ya bei ya kutisha au itakwambia hakuna nafasi. Tafuta kwa vipande: watu watatu, chumba kimoja, halafu watu wanne, halafu wawili. Andika umri wa kweli wa watoto, maana hoteli nyingi hazitozi mtoto mdogo anayelala kitanda cha wazazi, na ukimwandika kama mtu mzima unajiongezea bei mwenyewe. Chagua nafasi inayoruhusu kughairi bure, uwe nayo kama akiba.

Kisha itafute namba ya hoteli yenyewe uipigie. Tovuti hizo hukata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi, na meneja anajua kwamba ukilipa moja kwa moja kiasi hicho kinabaki mezani kwake. Hapo ndipo pa kuzungumzia. Piga saa nne au saa tano asubuhi, wageni wa jana wameshatoka na mapokezi pametulia. Mazungumzo yenye matunda huwa hivi:

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba mwanangu, pole na kazi. Nina familia, tunaingia tarehe 27 na kutoka tarehe 31. Mna vyumba vyenye vitanda viwili?"

"Vipo mama. Elfu sabini na chai."

"Chai ya watu wangapi?"

"Wawili."

"Haya. Sisi tungechukua vitatu, siku nne. Hiyo ni laki nane na arobaini. Niulizie kwa meneja bei ya familia. Na kimoja si lazima kiwe na AC, ni cha vijana. Na wale watoto wawili wadogo, chai yao mnaifanyaje?"

"Nisubiri kidogo mama, nimuulize bosi."

Anaporudi, mara nyingi anarudi na kitu: elfu sitini na tano kwa vyumba vyenye AC, kile cha vijana elfu arobaini na tano, na chai ya wadogo bure. Angalia mama huyu alivyofanya. Hakuanza kwa kulia kwamba maisha magumu. Ametaja jumla, laki nane na arobaini, na hiyo ndiyo lugha meneja anayoielewa. Amejitolea kuchukua chumba cha chini ambacho hoteli inahangaika kukipangisha. Na ameomba kitu kisichoigharimu hoteli pesa nyingi, vikombe viwili vya chai na chapati. Asingepata punguzo la chumba, angalau angepata hicho.

Bei wakutajie kwa shilingi. Tangu mwishoni mwa Machi 2025 kanuni za nchi zinakataza kutangaza bei au kutoza kwa fedha za kigeni kwa huduma zinazotolewa nchini, kwa hiyo usikubali kusumbuliwa na hesabu za dola. Uliza pia kama bei imeshajumlisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, na ikiongezwa siku ya kuondoka kwenye laki saba za siku hizo nne, ni laki moja na elfu ishirini na sita ambazo hukuzipanga.

Mkikubaliana, omba wakuandikie kwa WhatsApp: tarehe, idadi ya vyumba, aina ya vitanda, bei, chai ya watu wangapi, na kama magodoro ya ziada yana malipo. Mapokezi wanabadilishana zamu. Uliyeongea naye Jumanne si utakayemkuta Jumamosi.

Hatua ya sita: lipa kwa tahadhari

Msimu wa sikukuu matapeli nao wako kazini, hasa kwa apatimenti zinazotangazwa Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp. Picha ni nzuri, bei ni nusu ya nyingine, na mwenye nyumba ana haraka: "Kuna mtu mwingine anaitaka, tuma yote leo." Usitume yote. Mwombe apige simu ya video akiwa ndani ya nyumba, afungue bomba la jikoni na kuonyesha dirisha linaangalia wapi. Mwenye nyumba halisi hukubali. Ukiwa na ndugu au rafiki Dar, mwombe apite. 

Kwa hoteli, lipa kwa Lipa Namba ya biashara badala ya namba ya simu ya mtu. Kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la anayelipwa. Lisipofanana na jina la hoteli, simama hapo na uulize. Malipo ya usiku mmoja yanatosha kushikilia vyumba mahali pengi. Wakidai nusu, uliza mkighairi wiki moja kabla mtarudishiwa kiasi gani.

Hatua ya saba: mkifika

Watoto wabaki mapokezi na mizigo. Mzazi mmoja apande kuviona vyumba vyote vitatu kabla ya kusaini kitabu cha wageni. Fungua maji, washa AC uisubiri ipoe kweli, shika chandarua uangalie matundu, jaribu kitasa cha mlango na loki ya ndani. Chumba cha watoto kikiwa ghorofa ya nne na chenu kiko ya kwanza, omba kubadilishiwa hapohapo. Mkishafungua mabegi hakuna atakayekusikiliza. Bibi apewe ghorofa ya chini, lifti iwepo isiwepo, maana umeme ukikatika lifti ni ukuta tu.

Chukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa kila malipo. Beba kitambulisho cha NIDA kwa watu wazima.

Siku ya kuondoka, gesti na hoteli nyingi zinataka funguo saa nne asubuhi, na usafiri wenu pengine ni wa jioni. Usilipie siku ya ziada kwa vyumba vitatu. Omba mapema, jana yake, waweke mabegi stoo ya mapokezi, na kama kuna mtoto mchanga au mzee, lipieni kimoja kati ya vile vitatu kwa nusu siku, mpate pa kuogea na kupumzika zamu kwa zamu. Meneja aliyekaa na familia yenu siku nne bila kelele na bila kuvunjiwa kitu hukubali hilo bila shida. Namba yake ihifadhi kwenye simu, ili Idi au Juni ijayo umpigie yeye kwanza.